Kumtunza paka wa mwenyeji New Zealand: ni utalii au ni kazi?

Kila mwaka ifikapo Desemba, shule za Australia na New Zealand zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, familia nyingi huondoka majumbani mwao kwa majuma kadhaa. Nyuma yao hubaki paka, mbwa, kuku, pengine kondoo wawili watatu nyuma ya ua, na bustani inayohitaji maji. Katika New Zealand, ambako utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya kaya zina mnyama wa kufugwa nyumbani, na kwamba paka peke yao ni zaidi ya milioni 1.2, swali la nani abaki na wanyama hao limezaa mtindo mzima wa maisha. Wapo watu wasiolipia kodi nyumba yoyote, ambao huhama kutoka nyumba ya mtu mmoja hadi ya mwingine mwaka mzima, na malipo yao ni paa la kulala.

Kwa mtu anayeishi Sydney, Melbourne au Brisbane, nyumba hizo ziko umbali wa saa tatu au nne tu za ndege. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliofika Australia kutoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya au katika kambi za wakimbizi, jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja ni nafuu: mwezi mmoja bila kodi ya nyumba si kitu kidogo katika miji ambayo kodi humeza sehemu kubwa ya mshahara. Upande wa pili ni sheria, na hapo ndipo penye mtego. Msafiri akiulizwa na afisa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Auckland amekuja kufanya nini, akajibu kwa moyo mweupe kwamba amekuja kukaa katika nyumba ya fulani na kumlisha paka wake, jibu hilo linaweza kuwa halali kabisa kwa abiria mmoja na kuwa ungamo la kosa kwa abiria anayemfuata mstarini.

Jembe linalotangulia

Utunzaji wa nyumba wa namna hii hauna mshahara. Mwenye nyumba hutangaza tarehe za safari yake katika tovuti maalumu, huweka picha za nyumba na za wanyama, na kueleza kazi zilizopo. Anayetaka kukaa hujaza wasifu wake, mara nyingi akaambatisha cheti cha polisi cha tabia njema pamoja na maoni ya wenye nyumba aliowatumikia kabla, kisha huomba. Kampuni iliyo mashuhuri katika biashara hii, TrustedHousesitters, ilianzishwa Uingereza mwaka 2010; Australia na New Zealand zina tovuti zao pia. Kwa kawaida kampuni hizo hupata fedha kutokana na ada ya uanachama. Baina ya mwenye nyumba na mtunzaji hakuna senti inayopita.

Kila upande una hesabu yake. Mwenye nyumba huepuka gharama ya kumpeleka mbwa kwenye mabanda ya kulipia, na huepuka kuiacha nyumba tupu, jambo ambalo sera nyingi za bima huliwekea mipaka ya siku. Mtunzaji hupata kitanda, jiko, mashine ya kufulia, intaneti, na wakati mwingine gari la kutumia.

Anayedhani kwamba hiyo ni likizo, hata hivyo, hajapata kuamka saa kumi na mbili asubuhi kumdunga sindano ya insulini paka mzee mwenye kisukari, kisha akairudia kazi hiyo saa kumi na mbili jioni, kila siku, bila kukosa. Mnyama wa namna hiyo humfunga mtunzaji kwa kamba ya saa kumi na mbili: hawezi kwenda kutazama milima ya Queenstown akalala huko. Katika nyumba za mashambani, ambazo nyingi hutumia maji ya mvua yaliyokusanywa katika matangi, huongezeka kazi ya kuchunguza tangi, pampu, uzio wa umeme, na kondoo aliyenasa mahali asipotakiwa kuwapo.

Kiswahili kina methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mpango huu jembe hutangulia. Mgeni hukabidhiwa jembe hilo kabla mwenyeji hajapanda ndege, na asipolikubali hapewi ufunguo.

Malazi yanapohesabiwa kuwa ujira

Ni uhusiano huo hasa, wa ufunguo na jembe, unaoitia sheria machoni. Sheria ya Uhamiaji ya New Zealand ya mwaka 2009 inaitafsiri kazi kuwa ni shughuli yoyote inayofanywa kwa faida au ujira. Haikuishia hapo. Inaeleza kwamba faida au ujira ni pamoja na malipo au manufaa yoyote yanayoweza kukadiriwa kwa fedha, na kutoa mifano: chakula na malazi, bidhaa, na huduma kama vile usafiri. Kwa tafsiri hiyo kitanda kimekwisha kuwa malipo. Vijana wanaozunguka mashamba ya New Zealand wakichuma matunda au kupalilia ili wapewe chakula na chumba wamekuwa wakihesabiwa kuwa wafanyakazi kwa msingi huo huo, hata kama mifukoni mwao haikuingia dola moja.

Watetezi wa utunzaji wa nyumba hujibu kwamba mgeni anafanya hisani tu, na kwamba kulala nyumbani kwa rafiki hakujapata kuwa kazi. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo mgeni ni ndugu au rafiki wa kweli na paka ni jambo la pembeni. Hudhoofika pale ambapo wawili hao hawajapata kuonana ana kwa ana, wamekutana katika tovuti, wamepatana tarehe na majukumu, na kila mmoja anatazamia manufaa yanayopimika. Afisa uhamiaji hahitaji kuwa mkali ili aione tofauti hiyo.

Kumekuwapo na badiliko moja la hivi karibuni ambalo limewachanganya wengi. Tarehe 27 Januari 2025 serikali ya New Zealand ililegeza masharti ya viza za wageni, ikawaruhusu kuendelea kufanya kazi kwa mbali kwa ajili ya waajiri walio nje ya nchi. Mwandishi wa programu za kompyuta aliyeajiriwa Nairobi, akiwa na viza ya mgeni, sasa anaweza kufungua kompyuta yake Wellington bila wasiwasi. Ruhusa hiyo haimhusu mtunza nyumba. Kazi yake iko pale pale nchini, na anayefaidika nayo ni mkaazi wa hapo.

Abiria wawili, paka mmoja

Ili kuona jinsi sheria inavyogawanya watu, zingatia mfano wa kubuni wa abiria wawili wanaotoka Melbourne. Wa kwanza ni muuguzi aliyezaliwa Uvira, akapokelewa Australia kama mkimbizi, na sasa ana pasipoti ya Australia. Wa pili ni mwanafunzi kutoka Arusha anayesoma chuo kikuu kwa viza ya masomo. Wote wawili wamekubaliwa na mwenye nyumba mmoja wa Christchurch: muuguzi kwa majuma mawili ya kwanza, mwanafunzi kwa mawili yanayofuata. Paka ni yule yule na sahani ni ile ile.

Muuguzi analindwa na makubaliano ya usafiri baina ya nchi hizi mbili za Tasman, yaliyoanza mwaka 1973 katika enzi ya mawaziri wakuu Gough Whitlam wa Australia na Norman Kirk wa New Zealand. Chini ya utaratibu huo, raia wa Australia hupewa anapowasili haki ya kuishi na kufanya kazi New Zealand bila kuomba viza kabla, mradi asiwe na hukumu kubwa za jinai wala historia ya kufukuzwa nchini. Wakaazi wa kudumu wa Australia nao wamo, ila wao hutakiwa kuwa na idhini ya kielektroniki ya safari, iitwayo NZeTA, kabla ya kupanda ndege. Kwa muuguzi huyo, mjadala kama kumlisha paka ni kazi au si kazi hauna uzito wowote. Hata ikiwa ni kazi, ameruhusiwa kuifanya.

Mwanafunzi hana kinga hiyo. Viza ya masomo ya Australia haimfanyi kuwa mkaazi wa kudumu. Tanzania, sawa na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake huingia New Zealand bila viza. Kwa hiyo ni lazima aombe viza ya mgeni, na viza hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi ya humo nchini. Akieleza katika ombi lake kwamba atalala bure kwa sababu atatunza nyumba, ametoa mwenyewe sababu ya kunyimwa. Akificha, akasema anakwenda kutalii tu, amejiweka katika hatari ya kuhesabiwa kuwa ametoa taarifa za uongo. Kukataliwa kwa namna hiyo hakubaki New Zealand. Fomu za viza za nchi nyingi, Australia ikiwamo, humuuliza mwombaji kama amewahi kunyimwa viza au kuzuiwa kuingia nchi yoyote.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu maisha haya. Wanaouandika, kwa sehemu kubwa, ni watu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada au Australia, ambao mipakani huulizwa maswali machache. Wao wakishauriana kwamba inatosha kusema unamtembelea rafiki, wanasema yale waliyoyapitia wenyewe. Mtu mwenye pasipoti ya Burundi au hati ya kusafiria ya mkimbizi akiufuata ushauri huo huo hukuta kwamba rafiki huyo anaulizwa jina, namba ya simu, na tangu lini wanafahamiana.

Na hata pasipoti zenye nguvu hazikutosha kila mara. Katikati ya mwaka 2022 mwanamke mmoja wa Brisbane, aliyekuwa akielekea Kanada kutunza nyumba na paka, alizuiwa Los Angeles alikokuwa akibadilisha ndege. Aliwaeleza maafisa wa Marekani mipango yake bila kuficha. Wao wakahesabu utunzaji wa nyumba kwa malazi kuwa ni kazi, naye akarudishwa Australia. Mapema mwaka 2025 mtalii kijana wa Uingereza alikataliwa kuingia Kanada akitokea Marekani, kwa sababu alipanga kuisaidia familia iliyompokea kazi za nyumbani huku akilala kwao. Alipogeuzwa kurudi upande wa Marekani alikamatwa, akashikiliwa katika kituo cha wahamiaji jimboni Washington kwa siku zipatazo 19 kabla ya kurejea kwao. Mambo hayo yalitokea mbali na Tasman, katika nchi zenye sheria zake, lakini msingi wa hoja ya maafisa ulikuwa ni ule ule ulioandikwa Wellington mwaka 2009: kwamba kitanda ni malipo.

Hesabu ya siku

Kwa wakaazi wa kudumu wa Australia ambao bado hawajapata uraia, kundi ambalo limejaa wazungumzaji wa Kiswahili waliofika katika miaka ya karibuni, hatari haiko Auckland. Iko Australia kwenyewe, katika kalenda.

Sharti la kawaida la uraia wa Australia ni kuishi nchini kihalali kwa miaka minne kabla ya kuomba, mwaka wa mwisho ukiwa ni wa ukaazi wa kudumu. Katika miaka hiyo minne mwombaji asiwe nje ya nchi kwa jumla ya zaidi ya miezi 12, na katika miezi 12 ya mwisho asizidishe siku 90. New Zealand, kwa ukaribu wake wote na kwa makubaliano yake yote na Australia, ni nje ya nchi. Mtu anayekubali nyumba ya Hamilton kwa majuma sita mwezi Januari, ya Nelson kwa siku 30 mwezi Juni, na ya Dunedin kwa majuma matatu mwezi Septemba, atakuwa ametoka kwa siku 93. Hakuna hata safari moja iliyoonekana ndefu, na hakuna sheria ya New Zealand aliyoivunja. Lakini ombi lake la uraia litalazimika kungoja.

Yupo pia anayesahau kwamba viza ya kudumu ya Australia si ya kudumu kwa kila maana. Haki ya kukaa ndani ya nchi haina mwisho, lakini ruhusa ya kutoka na kurudi kwa kawaida hudumu miaka mitano tu tangu viza ilipotolewa. Baada ya hapo huhitajika viza ya kurejea. Kwa wanaosubiri uamuzi wa maombi yao wakiwa na viza ya mpito ya aina ya A, jambo ni kali zaidi: wakiondoka Australia viza hiyo hukoma, na wasipokuwa wamepata ile ya aina ya B kabla ya safari hawana njia ya kurudi kwayo. Wanaopokea malipo ya serikali ya watafutao kazi nao wafahamu kwamba kwa kawaida malipo hayo husimama mtu anapokuwa nje ya nchi, hata kama sababu ya kutoka ilikuwa ni kupunguza matumizi.

Halafu kuna barua. Mtu anayehama kila baada ya majuma mawili hana sanduku la barua, wakati idara za serikali, benki na hospitali zote hutaka anwani. Wengi huazima anwani ya ndugu, na ndugu naye huenda akaweka bahasha ya Idara ya Mambo ya Ndani juu ya jokofu ikasahaulika huko hadi tarehe ya kujibu ipite. Ni jambo dogo kulisimulia, lakini limewahi kuvuruga maombi mengi kuliko mbwa yeyote.

Mbwa ni wa nani

Mbwa, hata hivyo, wana sehemu yao katika sheria, na watunzaji wachache huisoma. Sheria ya Udhibiti wa Mbwa ya New Zealand ya mwaka 1996 inapotaja mwenye mbwa haimaanishi tu yule aliyemnunua. Inamhesabu pia kila aliye na mbwa huyo mikononi mwake, isipokuwa kwa hali chache kama vile kumshikilia mbwa aliyepotea ili arudishwe kwao. Mtunza nyumba hayumo katika hali hizo. Mbwa akitoroka uani Jumamosi asubuhi akamuuma mtoto wa jirani, halmashauri itakapouliza ni nani mwenye mbwa, huenda jina la kwanza kuandikwa likawa la mgeni, huku aliyemlea mbwa huyo tangu utotoni akiwa hotelini Bali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 1999 nayo humbebesha wajibu mtu aliye na mnyama chini ya uangalizi wake: chakula, maji, na matibabu mnyama anapougua. Ndiyo maana suala la nani atalipa daktari wa mifugo, na mpaka kiasi gani bila kumpigia simu mwenyewe, hufaa kuandikwa kabla mlango haujafungwa.

Mtunzaji anapoumia yeye mwenyewe, mambo ni mepesi kidogo. New Zealand ina mfuko wa umma wa fidia za ajali, unaojulikana kwa kifupi cha ACC, ambao tangu mwaka 1974 hugharimia matibabu ya majeraha bila kutafuta ni nani mwenye kosa, na wageni nao wamo. Ugonjwa wa kawaida haumo.

Kwa Waislamu, hasa wafuasi wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ndani ya nyumba huleta suala la twahara: mate yake kwenye nguo, kwenye vyombo, kwenye mahali pa kuswalia. Paka hana tatizo hilo. Matangazo mengi hueleza waziwazi kama mbwa hulala kitandani pamoja na bwana wake, na kama mwenyewe anatarajia mgeni amruhusu vivyo hivyo. Yasiyoeleza yafaa kuulizwa, kwa kuwa mbwa aliyezoea kitanda hamjui mgeni wala dini yake, na atalia usiku kucha mlangoni.

Anayechaguliwa na asiyechaguliwa

Mfumo mzima umesimama juu ya imani baina ya watu wasiofahamiana, na imani hiyo hujengwa kwa picha, jina, na maoni ya waliotangulia. Anayeanza hana maoni. Kwa kawaida hushauriwa aanze na nyumba zisizogombewa, mathalani shamba la mbali wakati wa baridi, au aombe barua ya sifa kutoka kwa mwenye nyumba aliyempangisha zamani. Mtu aliyekaa miaka 10 katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma hana mwenye nyumba wa zamani wa kumwandikia barua. Anaweza kuwa amefuga mbuzi na ng'ombe maisha yake yote, akajua ugonjwa wa mnyama kwa kumtazama macho, na bado wasifu wake ukaonekana mtupu kando ya ule wa wastaafu wawili wa Perth wenye nyota tano kutoka nyumba 20.

Familia kubwa huachwa pembeni hata kabla ya hapo. Nyumba hutangazwa kwa ajili ya mtu mmoja au wawili. Mama mwenye watoto wanne hana la kuomba, na watoto wana shule. Kwa hiyo mpango ambao kwa maneno uko wazi kwa kila mtu huwafaa, kwa vitendo, wasio na watoto, wenye gari, wenye kipato kisichofungamana na mahali, na ambao nyuso na majina yao hayamfanyi mwenye nyumba asite. Kampuni husema hazibagui, na huenda ni kweli. Anayechagua si kampuni.

Miongoni mwa wanaohama nyumba hadi nyumba kuna watu wa aina mbili ambao kwa nje hawatofautiki. Wapo waliopangisha nyumba yao Adelaide wakaamua kuzunguka mwaka mzima. Mpango ukivunjika wana pa kurudi. Na wapo waliokosa uwezo wa kulipa kodi. Sensa ya Australia ya mwaka 2021 ilihesabu watu 122,494 wasio na makazi, na tafsiri inayotumiwa haiishii kwa alalaye barabarani. Inamwingiza pia mtu ambaye, akiwa hana njia nyingine, anakaa mahali asipo na haki ya kuendelea kukaa. Baina ya sensa ya 2011 na ile ya 2016, idadi ya wanawake wasio na makazi wenye umri wa miaka 55 na zaidi iliongezeka kwa asilimia 31, na utunzaji wa nyumba za wengine umekuwa ukitajwa miongoni mwa njia wanazotumia wanawake wa umri huo kujisitiri. New Zealand nayo, kwa kutumia sensa yake ya 2023, ilikadiria kuwa zaidi ya watu 112,000 walikuwa katika uhaba mkubwa wa makazi. Mwanamke wa miaka 60 anayemtembeza mbwa ufukweni Tauranga asubuhi huonekana kuwa mtu wa likizo. Jirani hawezi kujua kwamba mwenye mbwa atarudi Alhamisi na kwamba nyumba inayofuata haipatikani mpaka Jumatatu.

Siku hizo za katikati ndizo gharama isiyotajwa katika matangazo. Wenye ndugu hulala kwa ndugu. Wenye fedha hulipia chumba. Wengine hulala garini. New Zealand imekaza masharti ya kupiga kambi ovyo tangu mwaka 2023, na gari lisilo na choo kilichojengewa ndani na kuthibitishwa haliruhusiwi katika maeneo mengi ambayo zamani lilivumiliwa.

Mwenye nyumba anapoahirisha safari, mtunzaji kwa kawaida hana mkataba wa upangaji wa kumlinda, bali ujumbe wa kuomba radhi katika simu. Lililotokea mwezi Machi 2020 lilikuwa ni jambo hilo hilo kwa ukubwa wa nchi. New Zealand ilifunga mipaka yake tarehe 19, na siku sita baadaye wakaazi wote wakaamriwa kubaki majumbani. Hapakuwa tena na mwenye nyumba anayesafiri, waliokuwa ng'ambo walianza kurejea haraka, na nyumba zilizokuwa zikitafuta mtu wa kukaa zikajaa wenyewe katika muda wa juma moja.